Taulo la Bluu kwenye Msumari

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Nusu. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mteja mmoja aliyenyolewa upande wa kushoto tu, kisha Nusu akasikia gari limegoma nje, akaenda kusaidia kulisukuma, gari likawaka, dereva akamwambia panda twende, naye akapanda. Mteja akabaki mbele ya kioo, upande mmoja bwana harusi, upande mwingine mahabusu. Mimi ndiye niliyemmalizia, maana saluni yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: wanaume kwake, wanawake kwangu, na aibu ni yetu sote.

Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za mume wangu zilikuwa timtim. Meza yake ya manukato ilisimama kwa miguu mitatu na tofali, kwa sababu alipokuwa akitafuta misumari ya mguu wa nne alikuta redio mbovu akaanza kuifungua. Na ieleweke, sikuolewa na mvivu. Mvivu ningempigia kelele ningepona. Mimi nimeolewa na mtu anayefanya kazi kutwa kucha, halafu jioni ukitazama hakuna kilichokwisha, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kiti chake cha wateja, amejishika kichwa, haelewi siku imekwenda wapi.

Siku alipobandika maji ya kuchemshia vifaa, akatoka kununua sabuni, akarudi jioni hana sabuni ila amebeba tundu la ndege lisilo na ndege, na sufuria imetoboka na ukuta umeungua, nikasema basi. Nikamshika mkono kama mtoto nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja asiye na haraka. Alitaka kujua Nusu alikuwaje utotoni, kwa hiyo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaitwa aje aeleze, naye akaeleza mpaka daktari akaweka kalamu chini. Mwisho akatuambia kwamba huo si utundu, wala hajarogwa. Ni ubongo unaoshindwa kutulia na kushika jambo moja. Mtu huzaliwa nao hivyo, na wengine huzeeka nao bila kujua.

"Dawa ipo," akasema. "Ni ya kuchangamsha ubongo."

"Kuchangamsha!" nikaruka. "Daktari, huyu akichangamka zaidi ya hapa tutamfuata juu ya paa."

Alicheka mpaka akafuta macho. Akatueleza kwamba kwa mtu kama Nusu, kinachochangamka ni ile sehemu ya kichwa inayoshika usukani. Lakini hakumpa dawa hivi hivi. Alimpima presha, akasikiliza moyo, akauliza kama kuna ndugu aliyewahi kuanguka ghafla akafa kwa moyo, akauliza kama mume wangu amewahi kuwa mlevi wa kitu chochote. Akaanza na kipimo kidogo. Asubuhi, akishakula. Si jioni, la sivyo usingizi utamhama. Kahawa nyeusi aliyokuwa akinywa kutwa apunguze. Akiona mdomo unakauka, hamu ya chakula inapotea, moyo unadunda ovyo, au hasira zinapanda bila sababu, arudi aseme.

Alirudi akasema. Mchana chakula kilikuwa hakimpiti. Daktari akarekebisha yeye mwenyewe, hatukurekebisha sisi, na mimi nikawa nampikia asubuhi ashibe kweli kweli kabla ya kidonge. Basi ile wiki kipimo kilipomkaa sawa, alinyoa kichwa cha mwisho, akafagia nywele zote, akazizoa, akarudisha ufagio mahali pake. Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu akimaliza siku yake.

Hakugeuka malaika, msinielewe vibaya. Tundu la ndege tunalo mpaka leo. Na tatizo moja lilibaki, tena lilihusu dawa yenyewe: Nusu alikuwa akimeza, halafu maji hayajafika tumboni keshasahau kama amemeza. "Mama watoto, nimekunywa?" Nami nimeshika kichwa cha mtu, mikono ina mafuta, nitajuaje?

Dawa ya tatizo hilo aliitunga mwenyewe, kwa akili ya kazi yake. Alichukua taulo moja la bluu, la peke yake kati ya mataulo yetu meupe. Usiku linalala kwenye msumari wa mlangoni. Asubuhi akishakula akameza, analihamishia kwenye msumari wa kioo. Ukiingia ukaliona kwenye kioo, ujue mwenye kiti amekunywa dawa. Hata wateja walizoea. Wengine walikuwa wakichungulia kwanza msumari ndipo wakakaa.

Sasa wifi yangu. Ni mtu mwema, sisemi, ila kwake cha mmoja ni cha wote, kuanzia chumvi mpaka viatu. Siku moja alikuja akaona kaka yake amepungua shavu, akauliza siri, akaambiwa ni ile dawa ilivyomkatisha hamu ya kula mwanzoni. Macho yakamtoka.

"Kaka, nigaie kimoja. Viwili. Tumbo hili linanitangulia kila ninapokwenda."

Nilichomoka nyuma ya pazia na kitana mkononi. Wifi yangu ana presha, tena ya kumeza dawa kila siku. "Wifi, ukitaka kupungua, ufagio ule pale!"

Lakini Nusu alinituliza kwa mkono. Akafungua wembe mpya kutoka kwenye karatasi yake, akamwonyesha. "Dada, huu nikimnyolea mtu, namnyolea mwingine?"

"Wewe! Si utawaambukiza magonjwa?"

"Ndiyo hivyo. Kidonge nacho ni wembe. Kichwa kimoja, wembe mmoja. Hiki kimepimwa kwa moyo wangu, wako sijui utakifanyaje."

Tangu siku hiyo droo ya dawa ikawa na kufuli, na ufunguo ukawa shingoni kwa Nusu. Wifi aliondoka amenuna, na wifi akinuna hanuni kimya. Alipitia kwa baba yangu kumsalimia, na katika kusalimia akamwambia kwamba mkwewe siku hizi anameza vidonge vya kuchangamsha, tena anavifungia.

Baba yangu alikuwa dereva wa malori makubwa, ya safari za kulala njiani. Alikuja kwetu saluni siku ile ile, fimbo ikitangulia. Hakukaa. Alinisimulia habari niliyokuwa sijawahi kuisikia, ya mwenzake waliyekuwa wakipokezana naye usukani, aliyekuwa akimeza vidonge vya kununua vichochoroni ili asisinzie. Alianza na kimoja. Kisha akawa hajui amemeza vingapi, anaongeza. Alikwenda na lori bondeni, akiwa macho kabisa.

"Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji," Baba akasema. "Mimi mla vidonge namjua. Siku nitakayosikia ameongeza, nitakuja kukuchukua na wajukuu wangu, na sitapiga hodi."

Nilimweleza habari za daktari, za kipimo, za presha. Kama kumpigia ukuta hodi. Baba hakuwahi kumwita mume wangu mkwe, alimwita kinyozi, kama mtu aliyekutana naye njiani. Kwenye kile kiti hakuwahi kuketi hata mara moja, hata kabla ya vidonge, kwa sababu ya lile jina. Nusu alisikia yote kutoka upande wake wa pazia. Jioni ile alikisugua kile kiti muda mrefu sana, nami niliumia.

Miezi ikapita. Kinyozi wa siku zote wa Baba akaanza kutetemeka mikono akafunga duka. Ndevu za Baba zikaota mpaka alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho, afisa akamrudisha: "Mzee, uso uko wapi?" Ndipo akatuma ujumbe kwamba Jumamosi asubuhi atakuja kumtazama kinyozi wangu. Nilimjua baba yangu. Ndevu zilikuwa kisingizio. Alikuwa anakuja kuamua.

Jumamosi hiyo niliamka na wazimu wa usafi. Nusu alitangulia saluni na kifungua kinywa chake mkononi, mayai na mkate, nami nikafuata baada ya kuwapeleka watoto kwa jirani. Niliingia kwa mlango wa nyuma. Nusu alikuwa uani anachota maji. Nikafuta vioo, nikapangusa meza ya tofali, nikakusanya kila taulo lililokuwa kwenye kila msumari, nikayatumbukiza yote kwenye beseni la sabuni. Mataulo safi yakakaa mahali pake, meupe, yamekunjwa vizuri. Nikajisifu.

Nusu aliingia na ndoo, akatazama msumari wa mlangoni. Akatazama msumari wa kioo. Akaitua ndoo polepole.

"Mama watoto. Taulo la bluu liko wapi?"

Nilitazama beseni. Bluu ilikuwa inachungulia kwenye povu.

"Ulilitoa msumari upi?"

Sikujua. Niliyang'oa mataulo kama mtu anayevuna maharage, sikutazama msumari. "Wewe hukumbuki kama umekunywa?"

"Nakumbuka nimekunywa. Ila sijui ni leo au jana. Mikono ni ile ile, glasi ni ile ile."

Tukafungua droo. Tukavimwaga vidonge kwenye karatasi, tukavihesabu, tukavihesabu tena, kisha tukatazamana. Tunahesabu nini, na jana hakuna aliyehesabu? Tukavirudisha kwenye chupa tumenywea.

"Unajisikiaje?" nikamuuliza. "Moyo unakwendaje?"

"Unakwenda mbio."

"Basi umekunywa!"

"Siyo dawa," akasema. "Ni baba yako."

Alikuwa ameishika chupa bado. Nilimwona anavyoitazama, na nilijua anachofikiri, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiri, Mungu anisamehe. Leo, kati ya siku zote, asije akamnyoa Baba nusu. Kama hajanywa, kimoja kitamwokoa. Kama amekunywa, kimoja zaidi kitamfanya nini? Mtu mzima, ana mwili. Mdomo ulitaka kusema meza tu. Niliuuma.

Nusu akachukua simu akampigia binti mfamasia anayempa dawa. Aliiweka kwa sauti ili nami nisikie.

"Kama huna uhakika, usimeze," yule binti akasema. "Kuruka siku moja hakukudhuru. Kuongeza kunaweza kukudhuru. Kesho asubuhi unaendelea na kipimo chako kile kile, wala usikifidie cha leo. Presha yako ikoje?"

"Sijaipima, ila mkwe wangu anakuja."

"Basi pole," akasema, nikasikia anacheka. "Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, nenda hospitali, usingoje."

Nusu akairudisha chupa kwenye droo, akafunga kufuli, akaurudisha ufunguo shingoni. Pazia la mlango wa mbele likasogea, na Baba akaingia, fimbo ikitangulia.

"Kinyozi yupo?"

"Shikamoo, Baba," Nusu akasema.

"Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna kiti."

Mimi ningesema karibu keti, tungeficha, tungeomba Mungu. Mume wangu akavua kofia. "Baba, kabla hujaketi. Leo sijui kama nimekunywa dawa yangu. Alama yangu imepotea. Siwezi kuongeza, mfamasia amenikataza. Kwa hiyo anayekunyoa leo huenda ni yule Nusu mwenyewe uliyemsikia. Ukitaka kurudi kesho, sitaona vibaya."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alimtazama muda, kisha akatazama kioo, kisha akaketi. Akaegemea. Akafumba macho.

"Nyoa."

Nusu akachukua kamba za aproni yake. Moja akaifunga kwenye mkono wa kiti, fundo la kwanza, la pili, akalikaza kwa meno. Kile kiti ni cha chuma na kimepigiliwa sakafuni. Asingeweza kwenda popote bila kukizunguka na kurudi pale pale. Akapaka povu. Akafungua wembe mpya.

Upande wa kushoto ulikwenda salama. Nilisimama penye pazia letu na mteja wangu, niliyemsuka nusu kichwa jana akawa amerudi kumaliziwa, na hakulalamika, naye alikuwa anatazama. Wembe ukafika chini ya kidevu, kwenye koromeo la baba yangu, na hapo hapo nje kukasikika kishindo, watu wakapiga mayowe. Mkokoteni wa machungwa ulikuwa umepinduka mbele ya mlango wetu. Machungwa yakaingia saluni yakibingirika, moja likagonga kiatu cha Nusu, jingine likapita chini ya kiti. Mwenye mkokoteni akaita, "Jamani nisaidieni!"

Kamba ikakazika. Mguu mmoja wa mume wangu ulikuwa tayari umeinuka.

"Machungwa," Baba akasema, macho kafumba.

"Nayaona, Baba. Tulia, usitingishe koo."

Mguu ukarudi chini. Alivuta pumzi. Mteja wangu akatoka mbio na kichwa chake cha nusu kwenda kuokota machungwa, na mtaa mzima ukaokota, na kinyozi wa kwanza kukimbilia kila kisichomhusu alibaki amesimama, anavuta wembe taratibu, juu kuelekea sikio. Alimaliza upande wa kulia. Akarudia kushoto. Akafuta povu, akapaka mafuta, akashika kioo kidogo nyuma ya kisogo.

Uso wa baba yangu ulikuwa mzima, pande zote mbili. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kidevu kizuri.

Baba akajitazama kushoto, akajitazama kulia, kama anayekagua matairi. Kisha akanyanyua fimbo akaelekeza kwenye msumari wa kioo.

"Taulo lilikuwa pale."

Tukaugeukia msumari.

"Dereva hachelewi," akasema. "Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi la nje. Nilimwona kinyozi kupitia dirishani. Alikula, akafungua droo, akameza kimoja, akafunga droo. Akatundika taulo la bluu pale, akaenda uani. Halafu akaingia huyu binti yangu na beseni lake, akazoa kila kitu."

"Baba!" nilipayuka. "Ulijua! Ulijua amemeza ukakaa kimya! Na kama angemeza cha pili je?"

"Nilikuwa mlangoni nyuma ya pazia. Angefika nacho mdomoni, fimbo hii ingekuwa imeshafika mkononi." Alisimama, akajipapasa mashavu. "Yule mwenzangu nilikaa naye kabini miaka. Kila safari alisema, sijui kama nimemeza, basi niongeze. Kila safari. Sikuwahi kumsikia hata siku moja akisema, sijui, basi niache."

Nusu alikuwa amesimama na wembe mkononi, machozi yanamshuka waziwazi, na mimi sikuwa nyuma.

Baba akaenda kwenye beseni, akainama kwa taabu, akatafuta ndani ya povu, akalitoa taulo la bluu likichuruzika maji. Akalikamua. Akalitundika kwenye msumari wa kioo.

"Hili usilifue tena bila ruhusa," akaniambia. Kisha akamgeukia mume wangu. "Mwanangu, nisindikize."

"Ndiyo, Baba," Nusu akasema, na akatoka mbio, na kamba ikamrudisha kitini kwa kishindo.